Chungu kibichi king'ae bila glezi ya maji: kokoto, spiriti, chumvi au utomvu?

Bakuli langu la kwanza kulipaka glezi (ule mpako wa unga wa mawe unaoyeyuka tanurini ukawa kioo, kama ulio ndani ya kikombe chako cha chai) likiwa bichi liliniharibikia mkononi. Lilikuwa limekauka hasa, siku tisa kivulini, limekuwa jeupe-jeupe kama jivu. Nikalichovya kwenye ndoo ya glezi, nikahesabu moja, mbili, tatu, nikalitoa. Kwa muda kidogo nikajiona fundi. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama wa mtu anayetafuna bisi chumba cha pili, na mdomo wa bakuli ukaanza kufunguka: ufa mmoja, wa pili, halafu kipande cha upana wa vidole viwili kikateleza polepole na kurudi ndooni. Nikabaki nimeshika kitako.

Kosa halikuwa la glezi, lilikuwa la maji. Chungu kikavu ambacho hakijapata moto bado ni udongo tu. Ukikilowesha kinakunywa maji kwa pupa, upande uliolowa unatanuka, upande mkavu unakataa, na katikati yao panapasuka. Kiache ndani ya ndoo usiku mmoja, asubuhi utakuta tope. Ni moto unaokiachisha tabia hiyo. Kati ya nyuzi 450 na 650 hivi za sentigredi udongo hutoa maji yaliyofungamana na chembe zake zenyewe, yale ambayo jua haliwezi kuyatoa, na ukishavuka hapo haurudi kuwa tope hata uuloweke mwaka mzima.

Ndiyo maana karakana nyingi huchoma mara mbili: mara ya kwanza kukigeuza chungu kigae, mara ya pili kuyeyusha glezi. Ila kuchoma mara mbili ni kulipa mara mbili, uwe unatumia kuni, gesi au umeme wa LUKU. Kwa hiyo swali ninaloulizwa sana na wanaoanza ni hili: naweza kukipa chungu kibichi uso unaong'aa bila kukilowesha, nikakichoma mara moja nikamaliza?

Unaweza, na njia ziko kadhaa. Tatizo ni kwamba watu huchagua njia kwa kutazama picha ya chungu kilichokwisha kutengenezwa, badala ya kutazama moto walio nao.

Moto wako ndio unaochagua

Vyungu vinavyochomwa uwanjani, vikafunikwa kwa kuni, mabua, makumbi ya nazi au samadi kavu, hupata nyuzi 600 hadi 900 hivi, tena kileleni hukaa dakika chache tu. Glezi nyingi zisizo na risasi, ile metali yenye sumu, huhitaji nyuzi 1000 na kuendelea ndipo ziyeyuke sawasawa, na zile za vyombo vigumu vya mezani hufika 1200 hadi 1300. Kama huna tanuri lenye kuta, basi funga mjadala wa glezi. Utakachopata ni vumbi lililogandia chungu. Nimeona mtu akinunua kopo la glezi la bei kubwa, akalipaka, akachoma kwa makumbi, kisha akamlaumu muuzaji.

Mwenye moto wa uwanjani anachagua kati ya kokoto, moshi, kinywe (grafiti, yale madini meusi ya ndani ya penseli) na utomvu. Mwenye tanuri ndiye anayeweza kuanza kuzungumzia spiriti, chumvi na magadi. Ukijua uko upande gani, sehemu kubwa ya yanayofuata unaweza kuyaruka.

Kokoto

Hii ndiyo njia ninayoijua vizuri zaidi na, niseme mapema, ndiyo niipendayo. Soma ukijua hivyo. Hapa hakuna kinachopakwa kikawa kioo. Unachukua chungu kilichokauka nusu, ukikigusa kwa kucha kinapokea alama lakini hakibonyei, unakisugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka chembe za juu zilale zote upande mmoja. Chembe za udongo ni bapa, kama magamba ya samaki. Zikilala pamoja, mwanga nao unarudi pamoja, na uso unang'aa. Matundu ya juu yanajibana, ingawa hayafungiki yote.

Nilidhani naijua kazi hii mpaka nilipofika Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako vyungu vya Wakisi hushushwa kwa mitumbwi kuuzwa. Nilimkuta bibi mmoja ameketi na chungu mapajani, amekilaza juu ya kitambaa. Mkononi alikuwa na kokoto jeusi, dogo kama yai la kware, linalong'aa kuliko chungu chenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Akanipa kokoto nijaribu. Nikasugua kwa nguvu nikidhani nguvu ndiyo ufundi. Akaniangalia kidogo, kisha akanishika kifundo cha mkono.

"Unafua nguo? Taratibu. Kisugue kama unampaka mtoto mafuta."

Kokoto lile alilirithi kwa mama yake, na hakukubali niondoke nalo hata hatua mbili kwenda kuliangalia juani. Nilimwelewa baadaye. Jiwe jipya lina vikwaruzo visivyoonekana kwa macho, lakini chungu huviona na kuviandika vyote. Jiwe lililosugua vyungu vya miaka limeshasuguliwa lenyewe. Kama huna la kurithi, tafuta la mtoni lisilo na shimo wala mshipa, au tumia mgongo wa kijiko cha chuma, ambacho kinafaa ila kinachoka upesi kwenye mikunjo ya shingo.

Kinachowashinda wengi ni wakati. Udongo ukiwa mbichi mno, kokoto linanata na kung'oa ngozi. Ukiwa mkavu mno, linakwaruza na kutoa vumbi. Dirisha la kusugua ni la saa chache tu, na kwenye upepo wa kusi linaweza kukupita wakati unakula mchana. Mimi husugua mara mbili. Mara ya kwanza katika hali ile ya nusu. Mara ya pili chungu kikishakauka kabisa: nakipaka tone la mafuta ya nazi, nalisambaza kwa kidole mpaka lipotee, halafu nasugua tena. Maji yangekipasua. Mafuta hayautanui udongo. Yanaingia, yanalainisha njia ya jiwe, na motoni yanaungua yakaisha.

Rangi nayo inawezekana. Ngeu, ule udongo mwekundu wa rangi, iliyosagwa laini ikichanganywa na mafuta na kusuguliwa juani hutoa wekundu wa damu ya mzee. Ukitaka weusi wa chuma, tumia kinywe. Wafinyanzi wa kasri la Kabaka kule Buganda walikuwa wakisugua vyombo vyao kwa madini hayo mpaka vikawa vyeusi vya kung'aa kama sufuria, na sisi tunayo kwa wingi Mahenge. Ila kinywe ni kaboni. Ukikichoma kwa hewa nyingi kikapita nyuzi 700 hivi, kinaungua na kupotea, nawe unatoa chungu chekundu ulichotarajia kiwe cheusi. Kinataka moto mdogo, au moto uliozibwa mwishoni kwa pumba na majani mabichi ili moshi ubaki ndani. Moshi huo peke yake, hata bila kinywe, hukipa chungu kilichosuguliwa vizuri weusi mzito.

Anayedhani kwamba kusugua ni kazi ya watu waliokosa glezi amtazame mfinyanzi Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasomea ufinyanzi Uingereza, na katika miaka ya 1970 akakaa Abuja ya zamani (leo Suleja), Nigeria, akijifunza kwa wanawake wa Kigwari. Vyungu vyake viko katika makumbusho makubwa ya dunia, na uso wa vyungu hivyo ni udongo uliopakwa uji mwembamba wa udongo na kusuguliwa kwa mkono, bila glezi. (Mtu atasema uji nao una maji. Ndiyo, lakini ni kidogo, na unapakwa wakati chungu chenyewe bado kina unyevu, hivyo vinakauka pamoja.)

Sasa kasoro. Mng'ao wa kokoto hauvumilii moto mkali: ukikaribia nyuzi 1000 chembe zinaanza kuungana na kujikunja, na uso unafifia. Chungu kilichosuguliwa pia kinavuja jasho. Maziwa yataacha harufu, mafuta yataacha alama. Na muda: mtungi wa lita 10 hunila asubuhi nzima. Ukiwa na oda ya sahani mia, usianze.

Spiriti

Anayetaka kioo hasa, na ana tanuri, anaweza kubadilisha maji kwa spiriti ile ya kuwashia na kusafishia. Unga wa glezi ni uleule. Kinachobadilika ni kimiminika cha kuubeba hadi kwenye chungu. Spiriti haiachanishi chembe za udongo kama maji yanavyofanya, na inakauka kabla haijaingia ndani. Chungu kikavu kabisa unaweza kukipaka mikono mitatu kwa nusu saa bila kusikia ule mlio wa bisi.

Mimi huchanganya mpaka uzito wa mtindi mwepesi. Glezi ya spiriti ikikauka huwa vumbi tupu, ukiigusa inabaki kidoleni, kwa hiyo lazima uiongezee gundi. Gundi za kawaida za glezi huyeyuka kwa maji, hapa hazisaidii. Ninachotumia ni chengachenga za vanishi ya maseremala, ile inayoyeyushwa kwa spiriti yenyewe: kijiko kimoja cha chai kwa kopo la nusu lita kinatosha. Motoni inaungua na haiachi kitu.

Tabia yake moja inakera. Unga hauelei ndani ya spiriti kama unavyoelea ndani ya maji. Ukigeuka kumjibu mtu, umeshatua chini ukawa kama saruji. Unakoroga, unachovya brashi, unakoroga tena. Kuchovya chungu kizima sikushauri, kwani utahitaji ndoo nzima ya kitu kinachowaka.

Na kinawaka kweli. Mvuke wa spiriti unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 15, na mchana wa Dar hauna siku hata moja ya baridi hiyo. Nilikuwa nimeweka chai kwenye jiko la mkaa, hatua tatu kutoka mezani, nikaona hatua tatu ni mbali. Mwali wa buluu usio na kelele ulipita juu ya meza, ukala brashi mbili na kope za jicho langu la kulia. Fanya kazi hiyo nje, upande ambao upepo unatoka kwako, vaa glavu kwa sababu spiriti hiyo mara nyingi huwa na methanoli inayopenya ngozi, na usikiingize chungu tanurini siku hiyohiyo.

Wako wanaotumia mafuta ya taa badala yake. Hayashiki moto kirahisi kama spiriti, nayo pia hayaupasui udongo. Lakini yanakauka kwa siku, yanatoa moshi mweusi tanuri linapoanza kupata moto, na karakana inanuka kibatari wiki nzima. Nilijaribu mara mbili nikaacha.

Uchomaji wenyewe unahitaji subira. Kumbuka unafanya safari mbili kwa mara moja: udongo unatoa maji yake na uchafu wake wa majani na mizizi wakati uleule ambao glezi inajiandaa kuyeyuka. Glezi ikiyeyuka mapema inafunga mlango, gesi inabaki ndani, na unapata malengelenge na vitundu vya pini. Chagua glezi inayochelewa kuyeyuka. Panda polepole mpaka nyuzi 600, ukijua kwamba pale 573 chembe za mchanga mweupe hutanuka ghafla na chungu kinene hupasukia hapo. Halafu lipe tanuri hewa ya kutosha hadi 900 ili uchafu uungue wote kabla kioo hakijajifunga.

Je, inalipa? Kwa kazi ya wingi, kwa maoni yangu, hapana. Spiriti inakula sehemu nzuri ya gesi uliyookoa kwa kuchoma mara moja. Kwa vipande vichache, vyembamba, au vilivyochongwa nakshi ambazo maji yangezifuta, ndiyo. Na kama unachokimbia ni ufa tu na maji hayana shida nyingine kwako, kuna njia ya katikati ambayo wafinyanzi wengi duniani huitumia: glezi ya maji yenye udongo mwingi ndani yake, inayopakwa chungu kikiwa kimekauka nusu, si kikavu. Vyote viwili vinasinyaa pamoja. Haimo katika mada yetu ya leo, ila singekutendea haki nisingeitaja.

Chumvi na magadi

Hii ndiyo njia ya ajabu kuliko zote, kwa sababu chungu hakipakwi chochote. Unakipanga tanurini kikiwa kibichi na kikavu, unapandisha moto mpaka nyuzi 1200 na zaidi, kisha unatupia chumvi ya kawaida kwenye moto. Chumvi inageuka mvuke, sodiamu yake inaungana na mchanga ulio kwenye uso wa udongo, na kioo kinazaliwa hapohapo, chenye vipele kama ganda la chungwa. Wajerumani wa bonde la mto Rhine walikuwa wakiifanya tangu karne ya 15, na mitungi yao ya kijivu ya bia imetapakaa katika makumbusho ya Ulaya.

Kabla hujafurahi: udongo mwekundu wa mtoni, ule wa vyungu vyetu vingi, huanza kulegea na kuinama kabla haujafika joto hilo. Unahitaji udongo unaostahimili, wenye kaolini, kama ule wa Pugu ukichanganywa na mwingine wenye kunata. Pia klorini ya chumvi hutoka bombani kama mvuke wa asidi ya haidrokloriki, kwa hiyo majirani watakufahamu. Na tanuri lenyewe linapakwa kioo kuta zote. Likishachomewa chumvi, ni la chumvi maisha.

Magadi hufanya kazi hiyohiyo bila klorini. Ni sodiamu kaboneti, yale yanayovunwa Ziwa Magadi, Kenya, na ambayo mama zetu huyatia kwenye maharage yaive upesi. Mvuke wake hausambai kama wa chumvi, hivyo chungu kinang'aa upande ulioelekea moto na kubaki kikavu kisogoni. Wengine huona hiyo ni kasoro. Mimi huiona ni saini ya moto. Wafinyanzi wengi wa Ulaya na Marekani huyayeyusha kwenye maji na kuyapuliza tanurini; ukitaka kukwepa maji hata hapo, yachanganye na chokaa ya mawe na vumbi la mbao, uyatupie kwa ubao mrefu.

Kwa zote mbili, ndani ya chombo chenye mdomo mwembamba mvuke hauingii.

Unga mkavu, na onyo

Unaweza pia kuunyunyiza unga wa glezi au jivu kavu kwa chekecheo juu ya chungu chenye unyevu wake wa asili, au kikavu kilichopakwa mafuta kidogo ili unga ushike. Unashika juu ya mabega ya chungu na kuteleza pembeni. Kwa jivu la kuni matokeo ni mazuri kuanzia nyuzi 1200 na kitu. Shigaraki na Bizen, Japani, hawalinyunyizi hata kidogo: vyungu vibichi hukaa kwenye tanuri la kuni siku kadhaa, na jivu linaloruka na moto hutua lenyewe na kuyeyuka. Ni njia ya mwenye msitu, si ya mwenye gunia la mkaa.

Onyo ni hili. Kihistoria, unga mkavu uliotumiwa zaidi ulikuwa wa risasi. Uingereza ya zama za kati walinyunyizia galena, jiwe la risasi, juu ya vyungu vibichi, na Mexico glezi ya risasi kwa vyombo vya moto mdogo haijaisha hadi leo. Inavutia kwa sababu inayeyuka kwenye moto mdogo na kung'aa kuliko zote. Ndimu, ukwaju au siki ndani ya chombo hicho huivuta risasi ikaingia kwenye chakula, na inayeumia kwanza ni akili ya mtoto. Akija mtu kukuuzia unga uliotokana na betri za magari, mfukuze.

Utomvu na magome

Wenye moto wa uwanjani hawajaachwa. Njia hii inakuja baada ya moto, hivyo ukali wa udongo mbichi na maji umeshaisha. Chungu kinatolewa kikiwa bado kinawaka wekundu kwa mbali, kinarushiwa maji ya magome yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito kama chai ya juzi. Magome ya mti wa Bridelia hutumika hivyo sehemu kubwa ya Afrika ya Kati na Magharibi. Yanaungulia kwenye matundu, yanayaziba kiasi, na kuacha madoa ya kahawia iliyokolea. Kinachopatikana ni chungu kinachovuja kidogo zaidi kuliko mwanzo, chenye sura nzuri, na hiyo inatosha kwa kupikia.

Ukitaka mng'ao hasa, tumia utomvu uliogandamana. Fiji husugua utomvu wa mti wa dakua juu ya chungu kikiwa cha moto, unayeyuka na kukivisha ngozi. Sisi tuna sandarusi, ileile ambayo katika karne ya 19 ilipakiwa Zanzibar kwenda Marekani na Ulaya kutengenezewa vanishi. Nimeijaribu kwenye vyetezo. Sandarusi changa ya mtini inayeyuka upesi, ya kuchimbwa ardhini ni ngumu na inataka chungu cha moto zaidi. Inatoa moshi wenye harufu nzuri ya kukufanya usahau kwamba unaweza kuwaka. Rangi ni ya asali. Lakini ni utomvu, si kioo: ukikirudisha chombo motoni unalainika na kunata, na chai ya moto nayo itaulainisha.

Kwa shanga tu

Kuna udongo unaojipaka glezi wenyewe. Wamisri wa kale waliujua zaidi ya miaka 5,000 iliyopita: mchanga mweupe uliosagwa laini sana, magadi, na udongo kidogo wa kushikanisha, na shaba kwa ajili ya rangi ya samawati. Ukikauka, magadi husafiri na unyevu hadi juu na kuacha ukoko mweupe. Nyuzi 850 hadi 950 ukoko huo ni kioo. Usiuguse wakati unakauka, kwani alama ya kidole itabaki kipara daima. Vaa barakoa wakati wa kusaga, vumbi la mchanga huo huharibu mapafu. Kule Qom, Iran, mafundi walizika shanga kavu ndani ya unga wa chokaa, majivu na shaba, wakachoma, kisha wakaubomoa unga na kuzitoa zinang'aa. Ni kazi ya kupendeza, ila udongo huo haupandi kwenye gurudumu na chungu kikubwa hautoi. Hauna mnato wa kutosha hata wa kufinyangwa vizuri.

Chombo chenyewe kinasemaje

Mtungi wa maji usiupake kioo kabisa. Maji ya mtungini yanapoa kwa sababu yanatoka jasho kupitia udongo na jasho linapokauka linachukua joto. Ukiuziba, umetengeneza ndoo nzito. Usugue shingo na mabega kwa kokoto, tumbo liachie nafasi ya kupumua.

Chungu cha kupikia juu ya mafiga nacho hakitaki glezi. Udongo uliochomwa kwa moto mdogo una matundu yanayouruhusu kutanuka na kusinyaa bila kupasuka; kioo na udongo hutanuka kwa viwango tofauti, na baada ya mapishi machache utaona nyufa kama utando wa buibui, mchuzi ukiingia humo. Kokoto ndani na nje, magome kikitoka motoni, kisha uchemshie uji mzito mara ya kwanza ili wanga uzibe yaliyobaki.

Kikombe, bakuli la mchuzi na sahani ndivyo vinavyostahili glezi ya kweli, na hapo bila tanuri hakuna njia ya mkato. Chetezo na vase ya maua makavu ni uwanja wa michezo: kinywe, sandarusi, moshi, hata mwani mkavu ukizungushiwa motoni, ambao chumvi yake huacha madoa ya machungwa ingawa haitengenezi glezi.

Juzi kijana mmoja kutoka Mkuranga alinipigia. Ana oda ya vikombe arobaini vya kahawa, udongo mwekundu, tanuri dogo la gesi la kuazima linalofika nyuzi 1050, na lita mbili za spiriti alizokwisha kununua. "Mwalimu, nianze kupaka leo?" Nikamwuliza vikombe vimekauka kiasi gani. Kumi na viwili vikavu kabisa, vingine bado vina ubaridi ukivigusa shavuni. Nikamwambia hivyo kumi na viwili avipake spiriti, nje, jiko likiwa limezimwa. Vile vyenye ubaridi avifunike kwa mfuko wa nailoni sasa hivi kabla havijakauka, atie udongo wake mwenyewe kwenye glezi ya maji, ajaribu kwanza kwenye kimoja tu, na akiweke sikioni kwa dakika moja.